Alikubali Akiwa Kaburini

Dolni Yavor, 12 Machi 2024

Bilyana mwanangu,

Usishtuke kuona bahasha. Simu nimeifungia kabatini pamoja na mitungi ya pilipili, na haitoki humo mpaka unijibu. Ukipiga, utaongea na pilipili. Si wewe mwenyewe uliyeniambia Krismasi kwamba vitu hivi vinasikiliza? Basi karatasi haisikilizi mtu.

Mimi mzima, ila presha. Presha ndiyo iliyonipeleka mjini wiki iliyopita, kwenye kliniki, na huko ndiko yalikonikuta. Yule binti wa mapokezi aliyekuwa akitafuna ubani siku nzima hayupo tena. Pale alipokaa wameweka skrini ndefu kuliko mimi, na ndani yake kuna mzee anayeongea. Unasimama mbele yake, anakusalimia, anakuuliza jina, anakuuliza mara ya mwisho ulipima presha lini, kisha anakutolea karatasi ya foleni. Watu wanasema ni akili mnemba. Mimi nakwambia ni Baba yako Mkubwa.

Ni Lyuben, Bilyana. Ni Lyuben wangu niliyemzika. Kovu lake lile juu ya nyusi ya kushoto, alipopigwa teke na farasi wa kina Vutso, lipo. Sikio lake lililokunjika lipo. Sauti tu ndiyo si yake, wamempa sauti ya mtangazaji wa redio. Ananitazama machoni ananiambia, "Habari za asubuhi, bibi. Jina lako nani?" Miaka yote ile tumelala kitanda kimoja, leo ananiuliza jina langu nani! Na presha! Mtu huyu hakuwahi hata siku moja kuniuliza habari ya presha yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiipandisha.

Mama mmoja nyuma yangu akaanza, "Bibi, jibu basi, na sisi tunaumwa." Nikamwambia, "Subiri, naongea na mume wangu." Wakaenda kumwita nesi.

Halafu wamemvisha tai shingoni. Lyuben! Aliyefunga ndoa kifua wazi kwa sababu tai ilimkaba! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, sijui kwa nini.

Nesi akaniketisha, akanieleza kwamba sura zile ni za watu wa kweli waliojitolea, na kwamba zimekusanywa na kampuni moja ya jijini Sofia. Akanitajia jina. Ni hapo hapo unapofanya kazi wewe.

Sasa nataka mambo mawili tu. La kwanza, atolewe mle ndani. La pili, mtu mwenye jina lake aniambie ni nani aliyemtoa kwenye kaburi na kumpeleka kufanya kazi ya mapokezi. Mume wangu alistaafu.

Mama yako Mkubwa,
Nedyalka


Sofia, 21 Machi 2024

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako nimeipata. Mama naye amenipigia akilia, kwamba umegombana na watu kliniki na kwamba umekataa kula. Tafadhali kula. Na nakuomba, nakuomba sana, usimpigie tena bosi wangu kwa simu ya jirani. Bwana Iskrenov amekuja mezani kwangu kuniuliza kama nina ndugu "mwenye sauti nzuri ya kwaya". Wenzangu wamecheka wiki nzima.

Nakujibu kwa karatasi kwa sababu na mimi siruhusiwi kuongelea kazi kwenye simu ya ofisi wala kompyuta yao.

Nikueleze jinsi kazi yetu inavyokwenda, labda utatulia. Kampuni moja ya Vienna inataka nyuso na sauti za watu wa kila aina, ili mashine zake zijifunze. Sisi tunatangaza kazi hiyo kwenye programu ya simu. Mtu yeyote, popote alipo, anajipiga picha, anaandika jina na umri, anaweka alama mahali palipoandikwa "nakubali", anatuma, analipwa. Kisha sisi wakaguzi tunaangalia picha moja moja. Hakuna uso unaoingia pasipo mwenyewe kukubali. Huo ndio msingi wa kazi yetu, Mama Mkubwa, na ndiyo maana niliikubali kazi hii.

Wazee wengi wa kwetu wanafanana. Wana masharubu yale yale na makovu ya farasi wale wale. Baba Mkubwa ametutoka juzi tu, na mtu aliyefiwa humwona marehemu kwenye kila dirisha. Mimi mwenyewe nimewahi kumwona kwenye treni.

Pumzika. Pasaka nitakuja.

Wako,
Bilyana


Dolni Yavor, 28 Machi 2024

Bilyana,

Umeniita kichaa kwa adabu sana, asante. Shule tuliyokulipia haikupotea.

Nimerudi kliniki. Nimechukua picha yetu ya jubilei ya fedha ya ndoa, ile kubwa yenye fremu, nikapanda nayo basi. Nikaisimamisha kando ya skrini. Nesi akatazama huku, akatazama kule, akajifanyia ishara ya msalaba. Daktari Haralanov akatoka, akatazama, akavua miwani, akasema, "Mama Nedyalka, kweli huyu ni Lyuben, mimi mwenyewe nilimpasua jipu la shingo." Nikamwambia basi mzime. Akasema hana uwezo, mashine si yake, ameikodisha tu. Lyuben naye kimya chake kikamshinda, akaniambia, "Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

Sasa usinieleze habari za wafiwa na madirisha. Wewe uko ndani ya hiyo kampuni, una macho, una vidole. Andika jina lake kwenye hicho chombo chenu utazame. Ukikosa, nitakuomba radhi mbele ya mama yako. Ukimpata, uniambie ni nani aliyemleta na ni nani aliyempitisha.

Nedyalka


Sofia, 10 Aprili 2024

Mama Mkubwa,

Yupo.

Nilibaki ofisini wenzangu wakienda kula, nikaandika jina. Lyuben Tsachev, umri sabini na nne, Dolni Yavor. Picha ni yeye. Nimekaa mbele yake mpaka chakula cha mchana kikaisha. Pale penye "nakubali" kuna alama ya ndiyo. Tarehe ni 16 Februari 2023.

Tulimzika Novemba 2022. Mimi nilikuwepo, nilishika mshumaa.

Nisamehe kwa barua yangu ile. Naona aibu hata kuikumbuka.

Nimeuliza jinsi ya kumtoa, na sasa naelewa kwa nini umekasirika, maana na mimi nimekasirika. Bosi ananiambia sisi tumeshauza, niwaulize Vienna. Vienna wananijibu kwa heshima nyingi kwamba wao walinunua vitu vilivyokwisha kukaguliwa, niulize waliokagua. Kliniki wanasema wamekodisha. Kila mtu ananipa namba ya mwenzake. Jana nimepewa namba ya mezani kwangu mwenyewe.

Aliyetuma picha hiyo ametambulishwa kwa tarakimu tu, na mkataba unatukataza kumtaja. Kuhusu ukaguzi, ni mlolongo mrefu, picha hupita mikono mingi na si rahisi kusema ni nani hasa.

Naomba usimwambie mtu kwanza. Nipe muda.

Bilyana


Dolni Yavor, 17 Aprili 2024

Mwanangu,

Nimeshawaambia wote.

Ungetaka ninyamaze vipi? Mume wangu amekubali akiwa kaburini, miezi mitatu chini ya udongo, wakati alipokuwa hai hakuwahi kukubali kitu bila kubishana siku mbili! Hata kupaka ukuta rangi nilimbembeleza kuanzia masika hadi vuli.

Hutanipa jina la mtu wa tarakimu? Usinipe. Nimempata mwenyewe, na aliyenionyesha ni ile tai.

Juzi nilikuwa natoka getini kwenda kununua mtindi. Pale getini bado liko tangazo la kifo chake, lile lenye picha nililobandika alipotimiza mwaka kaburini. Mvua imelifuta nusu. Nikamtazama, naye akanitazama, na shingoni ana tai. Nikakumbuka. Picha tuliyompelekea Zdravka wa steshenari achapishie matangazo ilikuwa ile ya kitambulisho, na Lyuben alikuwa amevaa fulana yenye shimo. Zdravka akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, Nedyalka, nitamvisha." Akamvisha kwa kompyuta, na siku ile nikamshukuru kwa machozi. Unajua hapa kwetu mtu habandikwi kwenye nguzo akiwa mchafu.

Nikaacha mtindi, nikazunguka kijiji. Nikaenda nguzo kwa nguzo, mlango wa kanisa, kituo cha basi, ukuta wa posta. Vutso ana tai. Stamen mfuga nyuki ana tai. Haralampi, aliyekufa na deni la kila mtu, ana tai. Tai ile ile ya buluu yenye mistari, fundo limelalia kulia. Wanaume wote wa Dolni Yavor wamekwenda ahera na tai moja!

Nikaingia steshenari kwake. Alikuwa anatoa fotokopi za watoto wa shule. Nikamwuliza, "Zdravka, umempeleka wapi mume wangu?" Hakujifanya hajui. Alizima mashine, akakaa kwenye maboksi ya karatasi.

Akanieleza kwamba kazi ilimjia kwenye simu. Wanatafutwa wazee, uso uangalie mbele, nyuma pawe peupe, kuwe na jina na umri. Akaniambia, "Nedyalka, mimi nikaona wanataka matangazo ya kifo, ila wameona haya kuandika hivyo. Ninayo tele kwenye kompyuta, nimeyasafisha mwenyewe." Nikamwuliza, na pale penye kukubali? Akasema, "Chini yake wameandika, 'Je, mhusika hana pingamizi?' Nikajiambia sijasikia hata mmoja wao akipinga."

Nilitaka kumrushia stepla. Badala yake nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka wale watoto wakatukimbia. Kisha akalia, nami nikalia. Walichomlipa kwa kichwa kimoja hakinunui mkate, na mumewe unajua yuko kitandani tangu mgodi ufungwe.

Sijamsamehe. Lakini kuna jambo halinipi usingizi, na jibu lake liko kwako. Zdravka amewaletea wazee wote hao, wana tai moja, fundo moja, mistari ile ile. Kuna mtu aliketi hapo Sofia akawatazama mmoja baada ya mwingine na asishangae. Hata mbuzi angeshangaa. Ni nani huyo? Nimekuuliza mara moja, ukanipa mlolongo. Nauliza tena.

Mama yako Mkubwa,
Nedyalka


Sofia, 29 Aprili 2024

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nina habari nzuri, na nakusihi uzipokee kama habari nzuri.

Nimempelekea Bwana Iskrenov kisa chote. Hakunifukuza. Ameita kikao, wanasheria wamekuja, na wameamua. Mtuma picha amefungiwa kabisa na atashtakiwa polisi kwa udanganyifu. Familia zote zitaletewa karatasi ya warithi. Mtasaini kwamba mnaridhia sura ya marehemu wenu itumike, na mtapewa kifuta jasho. Ukishasaini kila kitu kitakuwa halali.

Najua ulitaka atolewe. Nimeuliza, nimegombana, nimeambiwa kumtoa ni kuifundisha mashine upya na Vienna hawatakubali. Mama Mkubwa, nimechoka. Nalala na jambo hili, naamka nalo. Mama haongei nami kwa sababu ya Zdravka, wenzangu hawaongei nami kwa sababu nimewaletea wanasheria, na wewe unaniandikia kana kwamba mimi ndiye kampuni. Saini, yaishe. Baba Mkubwa mwenyewe angesema yaishe.

Kuhusu swali lako. Nyuso huchanganywa kabla ya kutufikia. Ukiketi kukagua, unaletewa mzee wa Dolni Yavor, kisha binti wa Manila, kisha kijana wa Lagos, kisha mtoto mchanga, na unapewa sekunde nne kwa kila mmoja. Ukizidisha, taa nyekundu inawaka na msimamizi anaona. Hakuna anayewaona wazee wale pamoja. Imepangwa hivyo. Kwa hiyo hata ukitafuta wa kulaumiwa, hayupo.

Pasaka sitaweza kuja.

Bilyana


Dolni Yavor, 8 Mei 2024

Bilyana,

Kristo amefufuka. Lyuben hajafufuka, na sitasaini kwamba amefufuka.

Karatasi yenu imefika. Nimeisoma na miwani, nikampa padri naye akaisoma. Inanitaka niseme marehemu aliridhia "tangu awali". Awali ipi? Awali yenu ndiyo kaburi lake. Mnataka mimi mkewe niwasaidie kudanganya, halafu mniite mrithi.

Jumatatu ya Pasaka tulikusanyika kwangu, wajane wote wa ile tai. Petkana wa Stamen alikuja na jiwe kwenye kikapu cha mayai, anataka kuvunja kioo cha steshenari. Tukiwa hapo Zdravka akaingia mwenyewe, na mkate wa Pasaka mkononi, uso umemvimba. Akasimama mlangoni akasema, "Ni mimi. Nimewauza waume zenu. Semeni mnachotaka." Walimtukana, tena wakamtukana vizuri, Petkana ana kipaji. Mwisho wakamkatia mkate wake mwenyewe wakamwambia kaa. Atatuchapishia matangazo bure mpaka afe, na lake tumekubaliana tutalichapa bila tai.

Hivyo ndivyo tunavyomalizana hapa. Alikosa, akaja, akasema mimi. Na ninyi mnataka kumpeleka polisi! Mwanamke wa steshenari alipwe senti na abebe mzigo wote, na waliomwomba, waliompitisha, waliouza, walionunua, wote wabaki wasafi kwa sababu kazi ilipangwa hivyo. Aliyeipanga ni nani, malaika? Unaniambia wa kulaumiwa hayupo, kisha unaniambia ni Zdravka. Chagua moja.

Wala usiniletee Lyuben kwamba angesema yaishe. Lyuben alikaa kituo cha polisi usiku mzima kwa ajili ya mbwa wa jirani aliyegongwa, mpaka dereva akaja akataja jina lake. Hakutaka fidia, na mbwa hakuwa wake.

Nimekuuliza kwa barua, mara ya kwanza, mara ya pili. Hii ni ya tatu. Ulipokuwa mdogo, ukivunja bakuli langu ulikuwa unakuja kuniambia, "Mama Mkubwa, bakuli limeanguka." Nilikuwa nakutazama tu mpaka umalize. Nakutazama sasa.

Nani alimpitisha?

Nedyalka


Sofia, 20 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Ni mimi.

Nimekaa na karatasi hii tangu barua yako ilipofika, na nimeanza mara nyingi kwa maneno mengine. Ni mimi niliyempitisha Baba Mkubwa. Jina langu liko chini ya picha yake. Nililiona siku ile ile nilipomtafuta, na ndiyo maana nilikaa mbele yake mpaka chakula cha mchana kikaisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuandikia huku najua.

Sikumtambua. Hilo ndilo linaloniua. Kama ningekuwa nimemtambua nikanyamaza, ningekuwa mwovu tu, na mwovu mtu anajua afanye naye nini. Lakini mtu huyu alinibeba mabegani tukichuma plamu, nilimbusu kipaji cha uso kwenye jeneza, na miezi mitatu baadaye akaja mbele yangu, uso mzima, na jina lake limeandikwa chini, nami nikabonyeza ndiyo. Sekunde nne. Huenda nilikuwa natafuna kitu. Huenda nilikuwa natazama saa. Sikumbuki, Mama Mkubwa, nimejaribu kukumbuka na sikumbuki kabisa. Sikuwa naangalia watu, nilikuwa naangalia kama nuru inatosha na kama macho yako wazi.

Nilikwambia wa kulaumiwa hayupo. Nilitaka asiwepo.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Ijumaa iliyopita niliwachapa wote wa Dolni Yavor, kila mmoja kwenye karatasi yake, nikawabandika ukutani kwenye chumba cha mikutano, wamejipanga na tai zao. Bwana Iskrenov alipoingia kitu cha kwanza alichosema ni, "Nani kakuruhusu kutumia printa?" Kisha akatazama ukuta. Wenzangu wakaanza kuingia na vikombe vyao. Mmoja akasema, "Huyu nilimpitisha mimi." Mwingine akasema, "Na yule pale mimi." Hakuna aliyecheka.

Nikaandika waraka kwenda Vienna, nikataja kijiji, nikaeleza kwamba hawa wote ni marehemu, kwamba Lyuben Tsachev nilimpitisha mimi Bilyana Doneva, na kwamba mtu wa steshenari hakutuzidi ujanja, sisi ndio hatukutazama. Nikasaini. Bosi alisema nikituma nisitegemee kupanda cheo tena. Nikatuma. Wamejibu kwamba watawatoa. Zdravka hatapelekwa popote, maana wanasheria wamegundua kwamba kesi yake ingeanza na sisi.

Barua ya kuacha kazi iko kwenye mkoba wangu. Nitaitoa mwisho wa Juni. Sistahili kukaa pale, na nikifumba macho nawaona wote niliowapitisha, nami sijui ni wangapi wako hai. Naomba nije nikae kwako kidogo, kama utanifungulia.

Sikuombi unisamehe.

Bilyana


Dolni Yavor, 13 Juni 2024

Bilyana mwanangu,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilikuandikia barua mbili zikaishia jikoni kwenye jiko la kuni. Ya kwanza ilikuwa na matusi ya Petkana. Ya pili nilikuonea huruma mno, ikanichefua nilipoisoma.

Imeniuma. Nisikudanganye. Imeniuma kuliko ile tai, kuliko ile sauti ya redio. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu nisiyemjua, na ukanipa wewe. Lakini umekuja ukasema mimi, na hapa kwetu mtu akisema mimi anakatiwa mkate. Mlango uko wazi, kitanda chako kimetandikwa. Njoo Jumamosi ya wafu, tutachemsha ngano ya kuwakumbuka marehemu, utampelekea Baba yako Mkubwa makaburini, umwambie mwenyewe. Hatakujibu, na utashukuru kwamba hajibu.

Lakini hiyo barua ya kuacha kazi ichane. Usinibishie. Subiri nikueleze.

Jana nilikuwa kliniki. Wamemtoa. Petkana nilikwenda naye, na Zdravka, tulikuwa tumebeba vitumbua vya jibini kana kwamba tunakwenda kumpokea mtu stesheni. Nesi akatupigia makofi. Daktari Haralanov akanishika mkono. Nilidhani nitalia, sikulia, nilihisi tu kama nimevua viatu vinavyobana.

Kisha zamu yangu ikafika, nikasimama mbele ya skrini, na ndani kulikuwa na bibi.

Bibi mzee, Bilyana, mzee kuliko mimi. Kitambaa cha maua kichwani, kimefungwa chini ya kidevu, si kwa namna tunayofunga sisi. Jino moja la dhahabu. Macho yake mekundu kidogo, nadhani alikuwa ametoka kulia au kukata vitunguu wakati walipompiga picha. Akanitazama akaniambia, kwa Kibulgaria safi cha redio, "Habari za asubuhi, bibi. Jina lako nani?"

Nikageuka nikawauliza watu wa foleni kama kuna anayemjua. Wakatazama. Mmoja akasema labda wa upande wa Romania, mwingine akasema hapana, Georgia, mwingine akasema huko huko mbali. Zdravka akakitazama kile kitambaa kwa karibu, akasema kwake hakijapita. Hakuna aliyemjua. Yule mama wa siku ile, aliyenihimiza nijibu kwa sababu anaumwa, alikuwepo tena. Safari hii hakunihimiza.

Nikamwuliza bibi, "Wewe ni wa nani, mama?"

Akasema hajaelewa, nirudie.

Nikarudia. Akasema hajaelewa. Sikumpa jina langu, na foleni nzima nyuma yangu haikumpa, mpaka nesi akatoa daftari akaanza kutuandika kwa mkono.

Wewe unaelewa. Rudi hapo mezani kwako, waache wawashe taa nyekundu wanavyotaka, na umtazame bibi huyu vizuri. Mtafutie watu wake.

Mama yako Mkubwa,
Nedyalka